Ukihamia Ujerumani, tafuta chama kwanza, marafiki watafuata

Watu wanaojiandaa kuja Ujerumani kusoma au kufanya kazi huniuliza habari za viza, bima ya afya na makoti. Upweke hawauulizi, na mimi naona huo ndio wa kuuliza kwanza. Koti utalinunua wiki ya kwanza. Jirani wa kumwomba chumvi unaweza kukaa mwaka mzima usimpate.

Naishi Hamburg, na nawaambia wazi kwamba Wajerumani si watu wa roho mbaya. Ni urafiki wao tu una mlango wake. Kwetu unasalimia, unakaribishwa, unakula, basi mmeshajuana. Huku salamu ya kwenye ngazi huishia kwenye ngazi. Kumtembelea mtu bila miadi ni kumvuruga, na hata rafiki wa siku nyingi anaweza kukupangia tarehe ya wiki mbili mbele. Usione umedharauliwa. Akishaiandika tarehe hiyo atakuja, tena kwa saa ile ile.

Mlango wenyewe ni vyama. Nchi nzima ina zaidi ya vyama 600,000 vilivyosajiliwa: vya mpira, kwaya, kupiga makasia, bustani, hata kucheza karata. Watu saba wakikubaliana wanaweza kuandikisha chao mahakamani. Humo ndimo watu wazima wanamozoeana na wasio ndugu zao wala wafanyakazi wenzao. Chagua kimoja unachokipenda kwa dhati, uende kila wiki bila kukosa.

Mimi nilijiunga na kwaya ya mtaani. Miezi ya mwanzo niliimba na kurudi nyumbani, hakuna aliyeniuliza natoka wapi. Kisha nikaugua mafua, nikakosa mazoezi. Jioni ile ile mama mmoja wa sauti ya pili akachukua namba yangu kwenye orodha ya kwaya, akanipigia kuuliza kama nina mtu wa kuniletea supu. Kabla ya hapo hatukuwa tumezungumza hata robo saa! Alikuwa ameshanizoea kuniona kila Jumanne, na kiti kitupu kikamsumbua. Leo nikipata habari njema, yeye ni miongoni mwa wa kwanza kuzisikia.

Na mazoezi yakiisha usikimbilie treni. Baki upange viti, uoshe vikombe. Mazungumzo huanzia hapo. Siku yako ya kuzaliwa ikifika, keki unaleta wewe mwenyewe, na usimpongeze mtu kabla ya siku yake, wengi wao huona ni mkosi.

Lugha lazima ujifunze, hilo halina njia ya mkato. Shule za jioni za watu wazima, Volkshochschule, zipo karibu kila mji na ada zake si kubwa. Lakini kuna jambo wageni wengi kutoka kwetu hawalijui: vyuo vikuu vya Hamburg, Leipzig na Bayreuth vinafundisha Kiswahili. Wapo vijana wa Kijerumani wanaohangaika na ngeli, wanatamani mtu wa kuzungumza naye. Kubalianeni saa moja kwa wiki, nusu Kiswahili, nusu Kijerumani. Hapo hauendi kama mwombaji, una kitu anachokihitaji.

Waswahili wenzetu nao usiwakwepe, kama wafanyavyo wengine wakidhani watachelewa kuzoea. Hamburg na Dar es Salaam ni miji dada tangu 2010, na watu wetu wapo. Ukipigiwa simu usiku kwamba umefiwa nyumbani, wao ndio watakaojua kuja bila kuitwa, kupika, na kukaa nawe hadi asubuhi. Rafiki yangu wa kwaya ananipenda, ila msiba wa namna hiyo hakulelewa nao.

Ukiweza, anza kabla ya Novemba. Desemba jua huku huzama yapata saa kumi jioni, na asiye na pa kwenda huona uzito hata wa kuvaa viatu. Vyama vingi hukuruhusu kujaribu mara moja au mbili bila ada, kwa hiyo mwandikie katibu wiki hii, umwambie unataka kuja kuona.