Saratani ya tezi dume: je, Marekani wanapona zaidi?

SWALI: Shikamoo daktari. Kaka yangu yuko Texas. Anasema hakuna matibabu kama ya Marekani, maana karibu wagonjwa wote wa saratani ya tezi dume huko huvuka miaka mitano, kuliko Uingereza. Mimi namjibu kuwa Wamarekani hufa mapema kuliko watu wa Ulaya Magharibi. Nani yuko sahihi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Takwimu zenu zote ni za kweli, ila hazithibitishi mnachobishania.

Miaka mitano ya kaka yako huanza kuhesabiwa siku ugonjwa unapogunduliwa. Chukua wanaume wawili wenye uvimbe wa aina moja, wote wakafariki na miaka 70. Mmoja alipimwa damu, kipimo cha PSA kinachosaidia kugundua saratani hii mapema, akiwa na 60, hana dalili yoyote. Huyo amevuka. Mwenzake alifika hospitali akiwa na 67, mkojo unatoka kwa shida na kiuno kinauma. Huyo hakuvuka. Umri wa kufa ni uleule! Tena PSA huibua vivimbe vingi vya polepole ambavyo visingemdhuru mtu hadi anazeeka, na vyote huongeza idadi ya “waliopona”. Marekani imepima PSA kwa wingi tangu miaka ya 1990, kuliko Uingereza.

Mwaka 2007 Rudy Giuliani, meya wa zamani wa New York aliyewahi kuugua saratani hii, akiwania urais wa Marekani, alidai nafasi yake ya kupona ilikuwa asilimia 82 Marekani, na ingekuwa 44 tu Uingereza. Hesabu hiyo ililinganisha vifo na wagonjwa wapya, jambo lisilopima kupona hata kidogo. Ukitazama vifo kwa kila wanaume 100,000, nchi hizo mbili zilikuwa karibu sawa. Sisemi upimaji hauna faida. Nasema asilimia hizo haziionyeshi.

Na wewe pia, wastani wa umri wa kuishi wa Wamarekani, miaka 78.4 mwaka 2023, umebeba vifo vya risasi, ajali za barabarani na dawa za kulevya zilizoua zaidi ya watu 100,000 mwaka huo, wengi wao vijana na watu wa makamo. Hayo hospitali peke yake haiwezi kuyazuia.

Muulize kaka yako kuhusu vifo vya uzazi, ambavyo huduma ya wakati huzuia vingi. Mwaka 2023 Marekani ilipoteza akina mama 18.6 kwa kila vizazi hai 100,000, na kwa wanawake weusi 50.3. Nchi nyingi za Ulaya Magharibi hazifiki 10.