Kupima chumvi kwenye visima vya pwani

Namba ya chumvi iliyotoka kisimani karibu na bahari haina kazi kama haikuandikwa pamoja nayo kina, saa, na hali ya bahari: inajaa au inapwa. Maabara itairudisha na desimali mbili, na bado hutaweza kusema kama bahari imeingia ardhini au la.

Chanzo cha yote ni uzito. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina kilo 1,025 hivi, ya maji baridi kilo 1,000, kwa hiyo maji baridi ya ardhini huelea juu ya yale ya chumvi. Wahandisi Badon Ghyben na Herzberg, kila mmoja kwa wakati wake, walilifanyia hesabu jambo hili: sentimita 1 ya maji baridi juu ya usawa wa bahari inalingana na sentimita 40 hivi za maji baridi chini ya usawa huo. Ukivuta maji hadi yashuke nusu mita, mpaka wa chumvi unapata nafasi ya kupanda mita 20. Hesabu hiyo huchukulia kwamba maji yametulia na mpaka ni mstari mmoja; ardhini kuna tabaka la mchanganyiko, nalo huweza kuwa nene kwa mita kadhaa. Hata hivyo inatosha kuonyesha kwa nini kimo cha mdomo wa kisima juu ya usawa wa bahari lazima kipimwe kwa vifaa vya upimaji ardhi. Ukikosea sentimita 10 hapo, mpaka wako umehama mita 4. GPS ya mkononi hukosea kwa mita nzima kwenda juu au chini; iache kwa ajili ya kutafuta njia.

Kabla ya kwenda kazini, sahihisha kipima upitishaji umeme (chumvi ikizidi, maji hupitisha umeme zaidi) kwa vimiminika viwili vya kiwango kinachojulikana, cha maikrosimensi 1,413 na cha 12,880 kwa sentimita. Kimoja hakitoshi, maana kisima kimoja kinaweza kuwa na maji baridi juu na nusu bahari chini. Hakikisha kipima kinarekebisha hadi nyuzi 25 za Selsiasi: kila nyuzi moja hubadilisha usomaji kwa takriban asilimia 2, na tofauti ya nyuzi tano kati ya asubuhi na mchana huonekana kama chumvi iliyoongezeka.

Pima kina kwa kina kabla ya kugusa pampu. Shusha kipima taratibu, simama kila nusu mita, subiri namba itulie, andika. Tumia usomaji wa kushuka peke yake, kwa sababu ukikipandisha umeshayakoroga maji. Kama bomba la kisima lina matundu kwa urefu mrefu, usiuamini sana mchoro utakaopata: maji hupanda na kushuka ndani ya bomba lenyewe, ukawa unapima bomba badala ya mwamba. Mabomba membamba matatu ya kina tofauti, kila moja likiwa na mita moja tu ya matundu chini, yana thamani kuliko kisima kimoja kikubwa.

Kuhusu kuondoa maji yaliyolala kisimani, kanuni ya ujazo mara tatu inajulikana: toa mara tatu ya maji yaliyomo bombani, ndipo uchukue sampuli. Bomba la kipenyo cha sentimita 10 hubeba lita 7.85 kwa kila mita; lenye mita 12 za maji litahitaji kutolewa lita 283 hivi. Pwani, kanuni hiyo inaharibu kazi. Pampu ya nguvu huivuta chumvi ya chini ikapanda kama koni, na sampuli yako inakuwa picha ya pampu. Afadhali uvute polepole, kati ya lita 0.1 na 0.5 kwa dakika, huku ukihakikisha maji hayashuki, hadi usomaji wa mara tatu mfululizo ukubaliane: pH (kipimo cha uchachu wa maji) ndani ya 0.1, upitishaji umeme ndani ya asilimia 3.

Chuja kwa chujio la maikroni 0.45, ujaze chupa mbili. Moja itiwe asidi ya nitriki hadi pH ishuke chini ya 2, kwa ajili ya sodiamu, kalsiamu na wenzao. Nyingine isitiwe kitu, kwa kloridi, bromidi na salfeti. Ukipima naitreti kwenye ile yenye asidi, umepima asidi uliyotia mwenyewe. Bikaboneti ipimwe palepale kisimani. Njiani gesi ya kaboni hutoroka na namba hubadilika.

Kiwango cha maji nacho hucheza na bahari, ila kwa kuchelewa, na kila kisima kina kuchelewa kwake. Weka kirekodi cha kila saa, kisha utafute wastani wa saa 71 mfululizo kwa njia aliyoichapisha mtafiti Serfes mwaka 1991. Kirekodi kisicho na mrija wa hewa hupima maji pamoja na hewa, na hektopaskali 1 ya hewa ni karibu sentimita 1 ya maji, hivyo uwe na kingine nje kinachopima hewa tu. Rudia wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu.

Matokeo yakifika, usikimbilie kuilaumu bahari. Maji ya bahari yana miligramu 19,000 hivi za kloridi kwa lita, kwa hiyo asilimia 2 tu yaongeza 380, na ladha huanza kuonekana karibu na 250. Lakini vyoo navyo hutoa kloridi. Angalia bromidi: baharini kloridi ni kama mara 290 ya bromidi kwa uzito, na maji taka kwa kawaida huzidi hapo kwa sababu chumvi ya mezani ina bromidi kidogo. Angalia pia uwiano wa sodiamu kwa kloridi katika moli, yaani kwa idadi ya chembe, si kwa uzito. Baharini ni 0.86, chumvi inapoingia upya hushuka chini ya hapo huku kalsiamu ikipanda, kwa kuwa udongo hushika sodiamu na kuachia kalsiamu.

Na maji ya bahari ya kulinganishia yachote mwenyewe, mbele ya visima vyako. Karibu na mdomo wa mto hayatafika 19,000, na kila asilimia utakayokokotoa inategemea namba hiyo.