Majaribio ya Django yanayokula nusu saa

Ndugu, kama majaribio ya programu yako ya Django (mfumo wa Python wa kutengeneza tovuti) na PostgreSQL (kanzidata) yanakula nusu saa kila mara, usikimbilie kununua seva. Kagua kwanza klasi zako. Zikiwa zimerithi TransactionTestCase, mojawapo ya klasi za majaribio za Django, kila jaribio likiisha majedwali yote yanafutwa data, na hapo ndipo muda unapoishia. Hamia TestCase: hufungua muamala (kundi la mabadiliko ya kanzidata yanayoweza kutenguliwa pamoja), kisha huubatilisha, basi. Data inayotumiwa na majaribio mengi iweke kwenye setUpTestData, iundwe mara moja kwa klasi nzima. Ongeza --keepdb kwenye amri ya kuendesha majaribio ili kanzidata isijengwe upya.

Kuna hili pia, na wengi hawalioni: PBKDF2, njia ya kawaida ya Django ya kuficha manenosiri, imeundwa makusudi iwe nzito, kwa hiyo kila mtumiaji wa majaribio unayemwekea nenosiri anakuchelewesha. Kwenye mipangilio ya majaribio tu, weka MD5PasswordHasher, njia nyepesi zaidi. Mfumo wa wateja usiuguse kabisa.