Mnaoanza na sensa za mwanga za kuvaa mwilini, pambaneni na mwanga kwanza, algorithimu baadaye

Nawaandikia ninyi mnaoingia sasa kwenye kazi ya sensa za mwanga, zile zinazokaa chini ya saa janja au ndani ya pete na kupima mapigo ya moyo na oksijeni kwenye damu. Wengi nawaona wakishapewa data tu wanakimbilia filta (hesabu za kuchuja kelele kwenye data), grafu ikiwa chafu wanaongeza filta nyingine, ikigoma wanaleta na AI juu yake. Jamani, ubora wa kipimo chako kwa sehemu kubwa unakuwa umeshaamuliwa kabla namba ya kwanza haijaingia kwenye kompyuta. Umeamuliwa na mahali ulipoiweka LED (taa ndogo ya kifaa), kioo ulichokifunika juu yake, na jinsi kifaa kinavyoshika ngozi.

Elewa kwanza unatafuta kitu kidogo kiasi gani. LED inawaka, mwanga unaingia kwenye ngozi, mwingi unapotelea humo na kiasi kinarudi kwenye fotodaiodi, kile kipande kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa umeme. Moyo ukisukuma, damu inaongezeka kwenye mishipa na mwanga unaorudi unapungua kidogo, hapo ndo pigo lilipo. Mtafiti Alrick Hertzman alishaichapisha njia hii mwaka 1938 kwahiyo wazo lenyewe sio jipya kabisa, ugumu ni kwamba kwenye kifundo cha mkono hayo mabadiliko mara nyingi hayafiki hata 1% ya mwanga wote unaorudi. Kidoleni hali ni nafuu zaidi, ndo maana majaribio ya kidoleni yanawadanganya watu, signali inatoka safi mezani halafu ukihamia mkononi unabaki unashangaa.

Adui wa kwanza ni mwanga unaotoka kwenye LED na kufika kwenye fotodaiodi bila kugusa damu, unapita ndani ya kioo au unadunda kwenye uwazi ulioko kati ya kioo na bodi. Kuupima ni rahisi na sijui kwanini watu wanaruka hii hatua. Chukua prototaipu yako (kifaa cha majaribio) ikiwa na kioo chake, ielekeze ndani ya boksi la giza lililopakwa nyeusi isiyong'aa, washa LED kwa mkondo uleule utakaoutumia kwenye ngozi, soma namba. Halafu toa kioo, soma tena. Bila kioo namba ikishuka sana ujue kioo ndo kinakupitishia mwanga. Huo mwanga unakula nafasi ya amplifaya yako (sakiti inayokuza signali), ukitaka kuongeza nguvu ya LED ili pigo lionekane, amplifaya inajaa kabla hujafaidi chochote. Na mbaya zaidi haukai palepale, jasho likiingia au saa ikisogea unabadilika, na mabadiliko yake yanaweza kuwa makubwa kuliko pigo lenyewe. Dawa yake iko kwenye umbo: weka ukuta mweusi kati ya LED na fotodaiodi ufike mpaka kwenye kioo, kioo kiwe chembamba, ukiweza kila kimoja kipate dirisha lake.

Umbali kati ya LED na fotodaiodi nao uucheze kwa majaribio. Ukivisogeza mbali, mwanga unaorudi umepita ndani zaidi kwahiyo sehemu ya pigo inakuwa kubwa ukilinganisha na mwanga wote, ila mwanga wenyewe unakuwa kidogo na betri inaumia. Mwanga wa kijani unavumilia umbali mfupi, wa milimita chache tu, mwekundu na infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) vinataka nafasi zaidi.

Kuhusu rangi, kijani cha karibu nanomita 530 kinapendwa kwenye saa kwa sababu hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, inakinyonya sana na hakiendi ndani mno, hivyo kinasumbuliwa kidogo na mtikisiko. Kwa oksijeni hakuna namna, unahitaji mwekundu wa 660 na infraredi ya karibu 940, maana hemoglobini yenye oksijeni na isiyo nayo zinanyonya hizo rangi mbili tofauti, na mhandisi Takuo Aoyagi wa Japani ndo alifungua njia ya kutumia uwiano huo miaka ya 1970. Hapo kwenye 660 kuwa makini sana, hemoglobini isiyo na oksijeni inabadilika haraka kwenye eneo hilo, LED ikihama nanomita chache kwa joto au kwa sababu umenunua mzigo mwingine basi usomaji wako nao unahama. Waulizeni wanaowauzia LED wanazipangaje kwa rangi, na muandike.

Sasa hili nalisema kwa uzito. Melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, inanyonya mwanga, na kijani inakinyonya kuliko infraredi. Mwaka 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa utafiti wa hospitali za Marekani ulioonyesha kwamba upungufu wa oksijeni ambao kipimo cha kidoleni hakikuuona ulitokea kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 ya wazungu. Mtu anaonekana yuko sawa kumbe hayuko sawa! Kwahiyo usije ukamaliza muundo wote kwa ngozi nyeupe halafu ngozi nyeusi ukaiacha ije kurekebishwa na programu. Watu wa ngozi nyeusi wawe kwenye jaribio lako la kwanza kabisa, na LED iachiwe nafasi ya kuongezewa mkondo kwa ajili yao.

Mgandamizo nao usiudharau. Saa ikilegea hewa inaingia na mwanga wa nje unapenya, ikikaza sana inabana mishipa midogo na pigo linafifia. Mgongo wa saa uliobinuka kidogo na mkanda unaovutika vinasaidia kuliko watu wanavyodhani. Mwanga wa nje wenyewe unapimwa LED ikiwa imezimwa, kabla na baada ya kila mpigo wa mwanga, halafu unatolewa, ila kumbuka taa za umeme zinapepesa mara 100 au 120 kwa sekunde kwahiyo vipimo hivyo vikae karibukaribu.

Mtu akitembea hatua 110 kwa dakika na moyo wake unapiga 85, usishangae kifaa kikionyesha 110 kwa utulivu kabisa, kimeshika hatua badala ya moyo. Filta ya kawaida haiokoi hapo maana vyote viko kwenye masafa yaleyale, unahitaji akselerometa (sensa ya mtikisiko) inayosomwa kwa wakati uleule na sensa ya mwanga, na kifaa kisichocheza juu ya ngozi.

Mkilinganisha na ECG ya kifuani (kipimo cha umeme wa moyo) msiridhike na uwiano wa juu kwenye ripoti, yaani vipimo viwili kupanda na kushuka pamoja, choreni tofauti kati ya vipimo viwili kwa kila kiwango cha mapigo, mtaona kosa linaanzia wapi. Na tunzeni data ghafi, pamoja na mkondo wa LED wa kila sekunde na kiwango cha mwanga wote uliorudi, sio namba ya mapigo peke yake, maana bila hivyo vitu viwili hamtajua kama tatizo lilikuwa kwenye ngozi, kwenye mkanda au kwenye kioo.