Mbuzi wa Angora Makete? Subiri kwanza kabla hujatoa hela

Mkuu mleta mada, umesema una milioni 30 na kuna jamaa anakushawishi ununue mbuzi wa Angora uwapeleke Makete, eti kule kuna baridi na mohea, yaani manyoya yao, ni dhahabu. Nimeishi Lesotho miaka kumi na moja, wilaya ya Quthing, nafundisha hesabu sekondari. Mke wangu ni Msotho, na kupitia kwa shemeji nilikuwa na mbuzi 38 wa aina hiyo hiyo. Kwa hiyo sisemi ya kusikia.

Nianze na hiyo baridi, maana hapo ndipo watu wanapopigwa. Mbuzi wa Angora mwili wake ni mwembamba, lishe yake kubwa inaishia kwenye manyoya. Ananyolewa mara mbili kwa mwaka, na wiki za kwanza baada ya kunyolewa ni kama mtoto mchanga aliyeachwa nje bila nguo. Baridi kavu anaihimili. Mvua yenye upepo inammaliza usiku mmoja. Mwaka mmoja tulimaliza kunyoa Alhamisi, Ijumaa usiku ikanyesha mvua ya barafu. Asubuhi 11 wamekufa, wengine wamerundikana ukutani mwa zizi na wale wa chini wamekosa pumzi. Shemeji hakusema neno. Alichukua kisu akaanza kuchuna.

Ndiyo maana Afrika Kusini, inayotoa karibu nusu ya mohea yote duniani, mbuzi wake wengi wako Karoo, huko Jansenville na Graaff-Reinet: nchi kame, vichaka vitupu. Makete unaijua mwenyewe inavyonyesha kuanzia Novemba.

Haya, tuseme wamepona. Sasa soko. Neno mohea asili yake ni Kiarabu, mukhayyar, yaani kilichochaguliwa, ukoo mmoja na hiari yetu. Na mnadani unalipwa kwa kuchagua kweli kweli. Manyoya ya mtoto anayenyolewa mara ya kwanza ni membamba, kama maikroni 24 hivi (kipimo cha unene wa unyoya), yanaenda kwenye suti na sweta za bei mbaya. Ya mbuzi mzee yanapita 35, hayo ni ya mazulia na vitambaa vya makochi. Bei ya ya mtoto inaweza kuwa maradufu. Maana yake kila mwaka mbuzi wako anavyozeeka, bidhaa yake inashuka daraja, hata kama anakula vizuri na anapendeza machoni.

Bado kuna uchafu. Msimu wetu wa pili tulihifadhi manyoya kwenye mifuko ya salfeti, kama tunavyofanya na mahindi. Nyuzi za plastiki zikachanganyika na manyoya. Zile hazishiki rangi kiwandani, na ukishazisokota ndani ya uzi huzitoi tena. Mzigo mzima ukashushwa gredi. Hela ya miezi sita ikapotea kwa sababu ya mifuko.

Na mohea ya Lesotho karibu yote imezoea kwenda mnada wa Port Elizabeth, siku hizi Gqeberha. Mwaka 2018 serikali ikatoa kanuni kwamba mzigo upitie kwa dalali wa ndani; malipo ya wengi yakachelewa, na 2019 wafugaji wakaandamana Maseru. Hiyo ni nchi yenye mabanda ya kunyolea, vyama vya wafugaji na uzoefu wa vizazi. Wewe na mbuzi 50 utapata labda kilo 50 kwa mkupuo (wetu hawakufika hata kilo moja kila mmoja), tena zimegawanyika gredi nne au tano. Mnunuzi anataka marobota ya gredi moja. Utampelekea nini, furushi?

Isitoshe, 2018 hiyo hiyo zilisambaa video za wanaharakati zikionyesha mbuzi wanavyoumizwa wakati wa kunyolewa Afrika Kusini. H&M, Zara na maduka mengine makubwa ya nguo wakatangaza kuachana na mohea. Tangu 2020 kuna cheti cha ufugaji unaojali mbuzi na malisho, na wanunuzi wakubwa wanakiulizia. Cheti nacho ni gharama.

Ukiniuliza nani nilimwona akiingiza hela bila presha, nitakuambia kina mama wa Teyateyaneng, huko huko Lesotho. Wanasokota mohea na sufu, wanapaka rangi, wanafuma mazulia ya ukutani yenye picha za vijiji, watalii wananunua. Wengi hata mbuzi mmoja hawana. Hilo kwa Arusha au Lushoto linafikirika: unaagiza uzi uliokwisha kusafishwa, kilo chache za majaribio, unatafuta mafundi wawili wa kufuma, unaona kama mtalii atatoa dola. Ukikosea umepoteza laki kadhaa, siyo milioni 30. Usisahau tulivyokimbilia kufuga kware tukakosa soko.

Kama bado roho inakutuma kwenye mbuzi, mwombe huyo jamaa mambo mawili: karatasi ya maabara yenye vipimo vya maikroni vya hao mbuzi anaokuuzia, na risiti ya mzigo wake wa mwisho wa manyoya, siyo wa mbuzi. Akianza kukuonyesha picha za mbuzi kwenye simu, lipa soda yako uondoke.