Mashtaka yameondolewa: je, kesi imekwisha?

SWALI: Ndugu yangu mdogo huendesha bodaboda hapa Kisumu. Alishtakiwa kwa kupatikana na pikipiki inayodaiwa kuwa ya wizi, nami nikamtolea dhamana ya shilingi 30,000 pesa taslimu kutoka kwa akiba ya kibanda changu cha mitumba. Kesi ilitajwa mara tano bila shahidi hata mmoja kufika. Mwishowe kiongozi wa mashtaka aliomba kuyaondoa mashtaka, hakimu akakubali, tukarudi nyumbani tukiimba. Wiki iliyopita polisi walimpigia simu wakimtaka afike kituoni kuhusu pikipiki ile ile. Je, mtu aliyekwisha kuachiliwa anaweza kushtakiwa tena? Na pesa zangu je?
Dada mwenye wasiwasi, Kibuye

JIBU: Dada yetu, pole kwa yaliyowafika. Jibu lako limo katika mstari mmoja ambao hakimu aliuandika siku ile, na ambao huenda hamkuusikia vizuri kwa furaha. Nenda kwenye masjala ya korti ukiwa na nambari ya kesi, uombe kuonyeshwa faili, utafute palipotajwa kifungu cha 87, kisha uitazame herufi iliyo kwenye mabano: ni (a) au ni (b)?

Kifungu hicho cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinasema kwamba mashtaka yakiondolewa kabla ya mshtakiwa kutakiwa kujitetea, basi ataachiliwa aende zake, lakini kuachiliwa huko hakuzuii ashtakiwe tena kwa mambo yale yale. Hiyo ndiyo (a). Yakiondolewa baada ya kuambiwa ana kesi ya kujibu na kutakiwa ajitetee, hiyo ni (b), na hapo hakimu hana budi kumtangaza kuwa hana hatia. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 157, inatoa kinga kama hiyo mara tu upande wa mashtaka unapofunga ushahidi wake, na kifungu cha 50 kinakataza mtu kushtakiwa upya kwa kosa ambalo tayari amepatikana hana hatia. Katika mazungumzo ya kila siku sisi husema tu kwamba fulani “ameachiliwa”, iwe ni (a) au (b), na hapo ndipo familia nyingi huumia. Kwa kuwa hakuna shahidi aliyefika, ninaamini ndugu yako aliachiliwa kwa (a), na kwa hivyo, naam, anaweza kushtakiwa tena.

Ninasikitika kwamba siku ile hakuwa na wakili. Katiba hairuhusu mashtaka kusitishwa bila idhini ya mahakama, na mshtakiwa anaweza kusimama akapinga ombi hilo, akisema kwamba amekuja mara tano na yuko tayari kusikizwa. Ombi likikataliwa na kesi isiahirishwe tena, upande wa mashtaka hubaki na njia mbili tu, kuleta mashahidi au kufunga kesi yake. Na ukiifunga bila ushahidi, hakimu humwachilia mshtakiwa kwa kifungu cha 210 cha Sheria ile ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, yaani akiwa hana hatia. Tofauti ya siku hiyo moja ni kubwa mno.

Sasa asiipuuze simu ya polisi. Aende na wakili, na akumbuke kwamba ana haki ya kunyamaza. Akishtakiwa upya, atasomewa mashtaka na kuomba dhamana kana kwamba ni mara ya kwanza. Hata hivyo, Katiba inamtaka Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma azingatie maslahi ya umma na kuzuia utaratibu wa sheria usitumiwe vibaya; kwa hivyo, iwapo mashtaka yanarudishwa kumsumbua tu, bila ushahidi wowote mpya, wakili anaweza kuomba Mahakama Kuu iyasimamishe.

Jambo hili lisichanganywe na lile la mlalamishi mwenyewe kuliondoa lalamiko lake kwa ruhusa ya hakimu, chini ya kifungu cha 204 cha sheria hiyo hiyo, ambapo mshtakiwa huachiliwa akiwa hana hatia.

Kuhusu pesa zako, dhamana ile ilikuwa ya kesi iliyoondolewa, na wewe uliyeilipa ndiwe unayestahili kurudishiwa, hata kama kesi nyingine itafunguliwa kesho. Peleka kortini risiti halisi yenye jina lako pamoja na kitambulisho, uandike ombi la kurudishiwa. Ikiwa risiti bado imekunjwa ndani ya pochi ya sokoni, itoe leo uipige nakala kabla wino haujafifia.