Maswali yenu kuhusu jenereta ya nyumbani

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya jenereta. Nimetanguliza yale ya kununua, yakafuata ya kuunganisha. Lile la waya wenye plagi pande mbili nimelijibu kwa kirefu kwa sababu mmeliuliza wengi, na wengi mnaliuliza kama jambo la kawaida tu.

Nina friji moja, taa kumi, televisheni na pampu ya maji ya nusu hospawa. Ninunue jenereta ya ukubwa gani?

Kabla ya kwenda dukani chukua karatasi na kalamu, uzunguke nyumba ukisoma wati kwenye lebo ya kila chombo. Kwa uliyoyataja, hesabu inaweza kuwa hivi: taa kumi za LED za wati 9 ni wati 90, televisheni kama 100, friji kama 150 ikishatulia, na pampu ya nusu hospawa hula kama 600. Jumla ni wati 940, na hapo ndipo wengi wanaponunua jenereta ya kilowati 1 wakidhani wamemaliza.

Friji na pampu zina mota, na mota inapoanza kuzunguka hudai umeme mara tatu au zaidi ya ule inaokula ikiwa mwendoni. Ni kwa sekunde chache tu, lakini jenereta isipoweza kuzibeba sekunde hizo, taa zitafifia, pampu itanguruma bila kuzunguka, na waya za ndani ya mota zitaanza kuchemka. Pampu yako peke yake inaweza kudai wati 1,800 au zaidi inapoanza. Friji nayo hujiwasha yenyewe wakati wowote bila kukuuliza, kwa hiyo weka hesabu ya mota zote mbili kuanza kwa pamoja. Ningekushauri kilowati 3 za kuendelea, yaani zile mashine inazotoa saa baada ya saa. Washa pampu kwanza, ikitulia ndipo uwashe vingine. Birika na pasi viache kabisa: birika moja linaweza kula wati 2,000.

Muuzaji ameniambia jenereta ni ya kVA 5, nyumbani nimesoma kW 4. Nimeibiwa?

Hapana. Jenereta nyingi huhesabiwa kwa kipimo cha 0.8, yaani sehemu ya kVA inayohesabiwa kuwa kW, na 5 mara 0.8 ni 4. Jambo la kuangalia ni jingine. Lebo nyingi zina namba mbili: ya juu kabisa, ambayo mashine huihimili kwa muda mfupi, na ya kuendelea, ambayo huitoa saa baada ya saa. Kwenye boksi namba kubwa ndiyo iliyoandikwa kwa maandishi manene. Wewe nunua kwa ile ndogo, na hata hiyo usiimalize yote. Ukibaki kwenye robo tatu yake injini itadumu.

Petroli au dizeli?

Kwa nyumba inayokatikiwa umeme saa chache, petroli inatosha: ni nyepesi, na kuinunua ni rahisi. Dizeli inafaa kwa anayewasha kila siku kwa muda mrefu na mzigo wa maana. Jenereta kubwa ya dizeli ikiwashwa kwa ajili ya taa na televisheni tu haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui vizuri, na masizi yenye mafuta hujaa kwenye ekzosi.

Fundi amenitengenezea waya wenye plagi pande zote mbili: upande mmoja kwenye jenereta, mwingine kwenye soketi ya sebuleni, na nyumba nzima inawaka. Anasema nikizima meni swichi hakuna tatizo. Ni kweli?

Ndugu yangu, ukimaliza kusoma jibu hili ukate waya huo vipande vipande, asiurithi mtu mwingine.

Ziangalie pini za ile plagi ya pili. Jenereta ikiwa inawaka, plagi ikachomoka kwenye soketi, pini hizo za shaba ziko wazi na zina umeme kamili. Mtoto akiziokota, au wewe mwenyewe ukizigusa gizani, hakuna kinachokukinga.

Sasa hiyo meni swichi, ile kuu inayoitenganisha nyumba na gridi. Usalama wote umeutundika kwenye kumbukumbu ya mtu, tena usiku, gizani, na pengine siku ambayo wewe hupo na anayewasha ni kijana wa nyumbani. Siku ikisahaulika, umeme wa jenereta utatoka nyumbani kwako kupitia mita hadi kwenye nguzo na kuingia kwenye transfoma. Transfoma hufanya kazi pande zote mbili. Ile inayoshusha volti 11,000 kuwa 230, ukiilisha 230 kutoka chini itapandisha kurudi maelfu. Huko juu yupo fundi anayetengeneza laini akiamini imezimwa.

Najua jibu la wengi: jenereta ndogo itazidiwa na mzigo wa mtaa mzima na itajizima yenyewe. Mara nyingi ni kweli. Lakini waya ukiwa umekatika hatua chache kutoka kwako, mzigo wa mtaa haupo tena, na jenereta itaendelea kunguruma vizuri tu huku waya ulioanguka chini ukiwa na umeme. Na umeme wa gridi ukirudi meni ikiwa imewashwa, hukutana na wa jenereta ana kwa ana. Jenereta huungua, na nyumba inaweza kuifuata.

Suluhisho ni swichi ya chenjiova. Ina nafasi tatu: gridi, katikati hakuna umeme, na jenereta. Imeundwa hivyo kwamba haiwezekani kabisa kuunganisha vyote viwili kwa pamoja, hata ukisahau. Mwambie fundi mwenye leseni aweke inayokata laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaourudisha) pia, na umeme wa jenereta uingie kupitia soketi maalumu ya ukutani ambayo pini zake zimefichwa. Akuoneshe pia jinsi alivyounganisha waya wa ardhi na nyutro ya jenereta, kisha akupimie kwa kifaa mbele yako. Pesa ikiwa haitoshi jenereta kubwa pamoja na chenjiova, punguza jenereta.

Na kama sina uwezo wa chenjiova kwa sasa?

Tumia ekstensheni. Itoke kwenye jenereta iende moja kwa moja kwenye friji na taa za mezani, bila kugusa waya za ukutani. Iwe nene, kilowati 4 kwa volti 230 ni zaidi ya ampea 17, na waya mwembamba huchemka. Kama imeviringishwa kwenye gurudumu, ifungue yote, kwa sababu ikiwa imejikunja joto halina pa kutokea.

Naogopa wezi na mvua. Naweza kuiwasha barazani au stoo nikiacha madirisha wazi?

Hapana, hata kwa nusu saa. Moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inang'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa huanza kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Mtu hudhani ni uchovu au homa, akaenda kulala. Aliyelala huenda asiamke. Dirisha wazi au feni haviiondoi vya kutosha, na baraza huipeleka ndani kupitia mlangoni.

Iweke angalau mita 6 kutoka kwenye nyumba, ekzosi ikielekea mbali na madirisha yako na ya jirani pia. Mvua izuie kwa paa lisilo na kuta. Mwizi mzuie kwa mnyororo uliofungwa kwenye chuma kilichochimbiwa kwenye zege. Kengele ya kaboni monoksaidi karibu na vyumba vya kulala ni kifaa kidogo ninachokitamani kwa kila mwenye jenereta. Ikilia, au watu wawili wakilalamika kichwa kwa pamoja, tokeni wote nje kwanza, kisha mwende hospitali.

Petroli ikiisha usiku, naweza kuongeza bila kuzima?

Zima, subiri injini ipoe, ndipo umimine. Petroli ikimwagika kwenye ekzosi ya moto inawaka papo hapo. Ni heri kujaza tangi jioni kungali na mwanga.

Jenereta yangu imekaa miezi minane, sasa navuta kamba haiwaki.

Petroli imechacha na kuacha utando kwenye kabureta. Mwaga yote ya zamani, safisha kabureta na plagi ya injini, weka mpya. Angalia na oili pia, kwa sababu mashine nyingi hukataa kuwaka oili ikipungua. Baada ya hapo iwashe kila mwezi kwa dakika 20 ikiwa na mzigo kidogo, na ukijua itakaa muda mrefu, funga koki ya mafuta uiache ingurume mpaka izime yenyewe.